Kuhifadhi Chombo Nchi Kavu Wakati wa Masika na Kusi: Namna ya Kuchagua Yadi

Kila mwaka, masika yanapoanza mwezi Machi na upepo wa kaskazi kuupisha upepo wa kusi, wamiliki wengi wa vyombo vidogo katika delta ya Rufiji na pwani ya Wilaya ya Kibiti huvipandisha nchi kavu. Wapo wanaoviacha huko hadi bahari itulie kuelekea demani, na wapo wanaohitaji majuma machache tu ya kukalafati na kupaka rangi kabla ya kurudi majini. Kwa muda wote huo mashua, ngalawa, boti ya faiba au yoti haiko tena mikononi mwa nahodha wake. Imo mikononi mwa mwenye yadi, fundi na mlinzi.

Tumeyaandaa makala haya kwa ajili ya mwenye chombo anayetaka kujua akikabidhi wapi, na kwa masharti gani. Katika vijiji vya Salale, Mbuchi, Maparoni, Msala na Kiongoroni, chombo ndicho kinachompeleka mgonjwa hospitali, ndicho kinachofikisha samaki na nazi sokoni, na mara nyingi mkopo ulionunua mashine yake bado unalipwa. Chombo kikianguka ubavu mwezi Mei, hasara haiishii kwenye mbao zilizovunjika. Huendelea hadi mwisho wa mwaka, kwa sababu marejesho ya mkopo hayangojei matengenezo. Kwa hiyo ushauri wetu mkuu ni mmoja: bei ya yadi iwe swali la mwisho, wala isiwe la kwanza.

Chombo nchi kavu hakijasalimika

Wengi hudhani kwamba chombo kikishapanda ufukweni hatari imekwisha. Ukweli ni kwamba hatari imebadilika tu. Majini, uzito wa chombo hubebwa na maji kila upande. Nchi kavu, uzito huohuo hukalia mkuku na gadi chache zinazozuia chombo kisilale. Ardhi ikilainika au gadi moja ikiteleza, mataruma hupokea nguvu ambayo hayakuundwa kuipokea.

Mvua nayo ina uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Chombo kilichoachwa wazi wakati wa masika kinaweza kukusanya maji ya kutosha kukielemea na kukipindua, na hakuna atakayejua hadi kitakapoanguka. Zaidi ya hayo, maji ya mvua yanayotuama ndani huozesha mbao, tofauti na maji ya chumvi ambayo huchelewesha kuoza. Jua nalo hukausha mbao zikasinyaa, maungio yakaachana, na pamba ya kalafati ikalegea.

Mahali: ukingo, udongo na maji

Jambo la kwanza la kukagua ni ardhi yenyewe. Katika delta, mto haukai mahali pamoja. Kwenye kona ya nje ya mkondo, maji hukata ukingo na kuumomonyoa. Kwenye kona ya ndani hutua matope yanayoweza kuziba njia ya kushulia chombo. Yadi iliyo kwenye kona ya nje inaweza kupoteza hatua kadhaa za ardhi katika msimu mmoja wa mafuriko. Iliyo kwenye kona ya ndani inaweza kukipokea chombo mwezi Machi na kushindwa kukitoa mwezi Septemba. Mwenye chombo na aangalie miti iliyo ukingoni. Ikiwa mizizi inaning’inia hewani, ukingo unaliwa. Ikiwa kuna mikoko michanga inayoota mbele ya njia ya kushulia, matope yanaongezeka.

Mafuriko yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yalionyesha wazi kwamba maji ya mto yanaweza kufika mahali ambapo hayakutarajiwa. Uliza wenyeji, si mwenye yadi peke yake, maji ya mwaka huo yalifika wapi. Alama ya matope kwenye ukuta wa nyumba au kwenye shina la mnazi ni ushahidi usiobishaniwa. Yadi iliyo chini ya alama hiyo haifai kuhifadhia chombo wakati wa masika, hata kama ni ya bei nafuu.

Udongo wa mfinyanzi huwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha hulainika na gadi huzama. Ardhi ya mchanga wenye changarawe, au iliyowekewa vipande vya mbao pana chini ya kila gadi, ni salama zaidi. Ikiwezekana, itembelee yadi siku iliyofuata mvua kubwa. Palipokauka upesi ndipo panapofaa.

Tofautisha pia gati na yadi. Gati, kama lile la Nyamisati, ni mahali pa kupakia na kupakua abiria na mizigo. Kukiacha chombo jirani na gati kwa sababu watu ni wengi hakukifanyi kiwe kimekabidhiwa kwa mtu yeyote.

Bamvua la kupandia na bamvua la kushukia

Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Manahodha wote wanajua kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kinachosahaulika ni kwamba mabamvua hayalingani. Yaliyo makubwa zaidi huja karibu na miezi ya Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana. Yale ya Juni na Desemba huwa madogo kwa kulinganisha.

Maana yake kwa mlaji ni hii: chombo kilichoelea hadi juu kabisa ya ufukwe kwa bamvua la Machi huenda kisifikiwe na maji tena hadi Septemba. Mwenye chombo aliyekusudia kurudi baharini mwezi Juni atalazimika kulipia nyenzo na vibarua wa kukikokota hadi majini, gharama ambayo hakuipangia. Kinyume chake, chombo kilichopandishwa kwa bamvua dogo la Juni kikaachwa palepale kinaweza kufikiwa na mawimbi ya Septemba kikiwa hakina mtu wala nanga.

Kabla ya kukubaliana, taja tarehe unayotaka kushua chombo, kisha mwombe mwenye yadi aonyeshe kwa kidole maji ya siku hiyo yatakapofika. Jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Mwenye yadi asiyelijua jedwali na asiyeweza kueleza bamvua la kushukia hajajiandaa kukirudisha chombo chako.

Gadi na nyenzo

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na usemi huo ni kipimo kizuri cha yadi. Angalia magogo yanayotumika kuvingirishia: yawe ya mviringo, mazima, na ya kutosha kwa urefu wa chombo. Nyenzo zikiwa chache, vibarua huburuta mkuku juu ya mchanga na mawe, na jeraha la mkuku huonekana baadaye, chombo kikishaanza kuvuja. Yadi yenye chelezo na winchi huondoa sehemu ya hatari hiyo, lakini waya wa winchi nao ukaguliwe. Waya ulioshika kutu na wenye nyuzi zilizokatika unaweza kukatika chombo kikiwa njiani.

Kuhusu gadi, kumbuka kwamba kazi yake ni kuzuia chombo kisiegemee upande, wala si kukibeba. Uzito ubebwe na mkuku uliokaa juu ya magogo au mbao nene katika sehemu tatu au zaidi, kuanzia omo hadi tezi. Kila gadi iegemee penye taruma, au penye ukuta wa ndani kwa boti ya faiba. Gadi inayosukuma ubao mtupu huubonyeza na kuupasua. Gadi za kulia na za kushoto zifungwe pamoja kwa kamba au mnyororo unaopita chini ya mkuku, ili moja isiteleze peke yake.

Turubai lisifungwe kwenye gadi hata siku moja. Upepo ukiliinua turubai, hung’oa gadi, na chombo huanguka. Kamba za turubai zifungwe kwenye chombo chenyewe au zipitishwe chini yake.

Gadi nyingi katika delta ni miti ya mikoko. Misitu ya mikoko ya Rufiji ni hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hili ni suala la mwenye chombo pia, kwa kuwa miti iliyokatwa bila kibali inaweza kutaifishwa, na yadi isiyo na gadi si yadi. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingoni mwa mto, shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Mwenye yadi aulizwe vibali vyake mapema. Ikiwa ataamriwa kuhama katikati ya msimu, chombo chako hakitakuwa na pa kwenda.

Chombo cha mbao na chombo cha faiba

Yadi inayoifaa boti ya faiba huenda isiifae mashua. Chombo cha mbao kinahitaji kivuli na hewa. Kikikaa juani miezi miwili bila kulowanishwa, kitavuja siku ya kwanza ya kurudi majini, hata kama kalafati ilikuwa nzima. Kwa sababu hiyo yadi nzuri ya mashua huwa na kibanda cha makuti au miti mikubwa, na mlinzi wake hukimwagia chombo maji ya bahari mara kwa mara. Siku chache kabla ya kushua, mbao huloweshwa tena ili zivimbe na kuziba maungio. Uliza ni nani atakayefanya kazi hiyo, na je, imo ndani ya bei?

Kukaa nchi kavu kuna faida kubwa kwa chombo cha mbao. Wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hufa chombo kikikauka. Wadudu hao hawastahimili maji baridi pia, na ndiyo maana baadhi ya wamiliki huviweka vyombo vyao ndani ya mto wakati maji ya masika yamesukuma chumvi nje. Njia hiyo husaidia dhidi ya wadudu, lakini haimpi fundi nafasi ya kuona chini ya chombo, na huviacha vyombo katika njia ya magogo yanayoletwa na mafuriko.

Fundi naye achaguliwe kwa kazi yake. Visiwa vya Jibondo na Chole, ng’ambo huko Mafia, vinafahamika kwa uundaji wa vyombo, na mafundi hodari wapo pia ndani ya delta. Omba kuonyeshwa chombo alichokikalafati mwaka uliopita, kisha ongea na mwenye chombo hicho. Deheni iliyopakwa juu ya ubao mbovu hupendeza machoni kwa siku chache tu.

Kwa boti ya faiba, jua si hatari kubwa kama maji yaliyonaswa ndani. Kizibo cha chini kifunguliwe, tezi ishushwe kidogo kuliko omo, na tundu likaguliwe kila baada ya mvua lisizibwe na majani. Mashine isafishwe kwa maji baridi, ivuliwe na kufungiwa ndani. Petroli isiachwe ndani ya boti. Mwenye yoti yenye mkuku mrefu na mlingoti asikubali kupandishwa ufukweni kwa vibarua peke yao. Chombo cha namna hiyo kinahitaji kreni au chelezo chenye toroli, na huduma hizo zitafutwe katika bandari kubwa kama Dar es Salaam.

Tufani hutokea wakati vyombo viko juu

Pwani yetu iko karibu na Ikweta kiasi kwamba vimbunga huifikia kwa nadra. Lakini tukiangalia vile vinavyokumbukwa zaidi tunaona jambo moja: kimbunga kilichoiharibu Zanzibar kilipiga mwezi Aprili 1872, kile cha Lindi, Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024. Vyote vitatu vilikuja katika miezi ileile ambayo vyombo vingi huwa juu ya gadi.

Kwa hiyo muulize mwenye yadi atafanya nini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania itakapotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Jibu linalokubalika lina vitendo: kushusha milingoti na matanga, kuongeza gadi, kukaza kamba, kufunga chombo kwenye vigingi vilivyochimbiwa, na kumpigia simu kila mwenye chombo. Uliza pia nafasi kati ya chombo na chombo. Vyombo vikibanana, kimoja kikianguka huviangusha jirani zake, na hapo mabishano ya nani alipe huwa hayaishi.

Mkono unaokabidhiwa na maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa kisheria, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Maandishi ya ukurasa mmoja yanatosha, yakiwa na majina ya pande zote mbili, namba ya usajili wa chombo, namba ya mashine, tarehe ya kupanda na ya kushuka, bei na kinachojumuishwa ndani yake, orodha ya vifaa vilivyoachwa, na saini za mashahidi wawili. Afisa mtendaji wa kijiji anaweza kuwa mmoja wao. Siku ya kukabidhi, piga picha za chombo pande zote nne, chini ya mkuku na ndani.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya namna hiyo. Hivyo mwenye yadi aliyepuuza gadi iliyolegea hawezi kujitetea kwa kusema ilikuwa amri ya Mungu. Hata hivyo jihadhari na mabango au masharti yanayosema chombo kinakaa kwa hatari ya mwenyewe. Usiyanyamazie. Sema kabla ya kulipa kwamba hukubaliani nayo, na uyafute katika maandishi yenu. Ukishindwa kukubaliana, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta yadi nyingine.

Sheria hiyohiyo humpa fundi aliyefanya kazi ya ujuzi haki ya kukizuia chombo hadi alipwe ujira wa kazi hiyo, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kazi yoyote ya ziada ipewe bei na idhini kabla ya kuanza. Wamiliki wengi hukwama hapa: wamelipia hifadhi, lakini wanadaiwa mbao na misumari ambayo hawakuiagiza.

Mwenye bima asome kama bima yake inahusu chombo kikiwa nchi kavu, au baharini tu. Kadhalika, atumie nafasi hii kuomba ukaguzi wa usalama unaosimamiwa na TASAC, kwa kuwa sehemu za chini ya maji huonekana vizuri chombo kikiwa juu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Maji ya mafuriko ya mwaka 2024 yalifika wapi katika yadi hii?
2. Chombo changu kitashuliwa kwa bamvua la tarehe ipi, na nani atalipia nyenzo na vibarua?
3. Nani hukagua gadi na kufua maji baada ya mvua, na mara ngapi kwa juma?
4. Mlinzi wa usiku ni nani, na mashine itafungiwa wapi?
5. Nikichelewa kukichukua chombo, nitatozwa kiasi gani kwa siku?
6. Chombo kikianguka au kifaa kikiibwa, nani atalipa, na imeandikwa wapi?

Mwenye yadi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Mara nyingi atakuwa nayo majibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mgogoro ukitokea

Usikiondoe chombo wala kukirekebisha kabla ya kupiga picha na kuwaita mashahidi. Toa taarifa kwa mwenye yadi kwa maandishi ukieleza hasara na unachodai, ubaki na nakala. Serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa fukwe wanaweza kusuluhisha, na migogoro mingi inapaswa kumalizikia hapo. Ikiwa yadi ilikuvutia kwa maelezo ya uongo, kwa mfano kudai ina mlinzi au chelezo ambacho hakipo, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Wizi uripotiwe polisi bila kuchelewa. Madai ya fidia yasiyopata suluhu yanaweza kufunguliwa mahakamani.

Katika hatua zote hizo utaulizwa risiti, maandishi na picha. Viandaliwe siku chombo kinapopanda, wakati pande zote bado zinaelewana.